Ile Picha ya Mama Kwenye Gari la Kebo

Naandika kutoka Delhi. Huku ni saa nne na nusu usiku na joto bado halijatoka kwenye kuta. Kwenu Molo ni saa mbili, na najua mtu ameshavaa sweta mbili na jiko liko katikati ya sebule. Hamjui mlivyobarikiwa.

Wiki jana binti yetu aliweka picha kwenye WhatsApp. Wengi wenu mmeiona. Mama Mchungaji ameketi ndani ya kibanda cha vioo kinachoning'inia kwenye kamba ya chuma, kitambaa cha zambarau kichwani, na chini yake kuna bonde na nyumba za bati zilizoshikilia mlima kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Anacheka. Anacheka hadi macho yamefumba.

Kufikia jioni picha ilikuwa imezunguka kanisa lote. Wengi mlituma baraka. Lakini mmoja wenu, ambaye sitamtaja na ambaye ninampenda, aliandika kwenye kikundi akiuliza kama tulichangisha pesa za hospitali au za kutembea. Wengine wakaongezea vidole gumba. Mweka hazina akapigiwa simu mara tatu usiku huo.

Kuna marafiki walionishauri ninyamaze. Wakasema mchungaji hajibu manung'uniko ya mtandaoni. Mimi naona tofauti. Pesa zile nazijua zilikotoka. Najua mama aliyeuza kondoo wawili, na mmoja alikuwa na mimba. Najua kijana wa boda aliyeleta mapato ya siku nne yakiwa sarafu kwenye mfuko wa unga. Najua kikundi cha akina mama kiligawanya pesa za mbegu za viazi, nusu ikaenda shambani na nusu ikaja India. Mtu aliyeuza kondoo wake ana haki ya kuuliza, na akiuliza ajibiwe kama mtu mzima, si kwa mstari wa Biblia wa kumnyamazisha. Kwa hiyo nitajibu.

Hesabu kwanza. Mlichanga shilingi 1,386,450. Hakuna hata shilingi moja ya hizo iliyopanda ule mlima. Safari nzima, treni, teksi, chumba cha siku tatu na tikiti za kebo, ililipwa na shemeji yangu, mdogo wake Mama, ambaye wengi mlimwona kwenye harambee. Anafanya kazi Dubai, ni fundi wa lifti. Alipata likizo ya wiki moja, na badala ya kwenda nyumbani kuona ng'ombe wake, akaja kumwona dada yake. Tikiti ya kebo yenyewe, kwa mtu mmoja, haifiki bei ya kilo ya nyama pale Molo mjini. Risiti za hospitali zote zinatumwa kwa mweka hazina kila Ijumaa, na yeyote anaweza kuziona.

Hapo ningeweza kuishia. Swali la pesa limejibiwa. Ila nadhani chini ya swali la pesa kulikuwa na swali jingine ambalo halikuandikwa: mgonjwa wa saratani anachekaje? Anapandaje kebo mtu tuliyefunga kwa ajili yake? Hilo linahitaji maneno zaidi. Chukueni chai.

Visa ya matibabu ya India huruhusu mgonjwa kuja na wasindikizaji wawili, kwa hiyo tulikuja mimi na binti. Baada ya upasuaji Mama alipewa kemo, mara sita, kila baada ya wiki tatu. Tumekaa katika chumba kimoja cha kupanga karibu na hospitali. Jengo zima ni la watu kama sisi. Ghorofa ya chini kuna familia kutoka Iraq, mkabala nasi kuna baba na mwana kutoka Uzbekistan, juu kuna Wabangladeshi na Wanigeria. Asubuhi tunasalimiana kwa kuinua mikono, maana lugha hatuna, na kila mtu anajua mwenzake ametoka kulia wapi. Mwezi wa tano umefika, joto limepita nyuzi 40. Mtu aliyezaliwa Molo, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, mahali ambapo Januari asubuhi unakuta umande umeganda kwenye sukumawiki, akiwekwa kwenye joto hilo na dawa zile mwilini, anakauka kama mboga.

Nywele tulijua zingetoka. Kucha tuliambiwa zingebadilika rangi. Jambo ambalo hatukuambiwa ni kwamba angeacha kuongea. Baada ya kemo ya tano Mama alianza kujibu kwa kichwa. Baada ya ya sita hata kichwa akaacha. Mnamjua. Huyu ndiye mtu ambaye mkimpa dakika tano za matangazo anachukua ishirini. Nilikuwa naomba kando ya kitanda, namaliza, nasema amina, na ukimya unarudi palepale ulipokuwa. Usiku mmoja tu alisema kitu, akiwa amegeukia ukuta: "Sijaogopa kufa. Naogopa kuwa deni."

Ana daftari. Wengi hamjui hili. Kila jina lililochanga ameliandika, na kiasi, kwa mkono wake, hata zile sarafu za kijana wa boda. Nilidhani anaandika ili awaombee. Anawaombea, ndiyo. Lakini usiku ule nilijua pia alikuwa akijumlisha.

Daktari alipima damu, akasema imerudi vizuri, na kwamba kati ya kemo ya mwisho na kuanza mionzi kuna wiki tatu za kupumzika. Akasema kama tuna mahali penye baridi, tumpeleke, bora asichoke na asikae kwenye umati wa watu wanaokohoa. Shemeji alikuwa amefika siku iliyotangulia. Alimtazama dada yake, akatoka nje kwenye ngazi, akarudi macho mekundu na simu mkononi. Alikuwa ameshanunua tikiti za treni.

Mji wenyewe unaitwa Mussoorie. Uko kaskazini mwa Delhi, kwenye vilima vya kwanza vya Himalaya, karibu mita 2,000 juu. Treni ya asubuhi inachukua kama saa sita hadi Dehradun, halafu teksi inapanda barabara ya kilomita 35 hivi. Mliopita Tambach mkielekea Iten mnaijua barabara hiyo. Ongezeni kona mara tatu na madereva wanaopiga honi kama wanacheza kinanda. Binti alitapika mara mbili. Mama alifungua dirisha. Tulipofika kama katikati, hewa ikabadilika, ikawa na harufu ya misonobari, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili akasema neno bila kuulizwa. Alisema, "Molo."

Nataka mjue jambo moja kuhusu mji huo, kwa sababu linahusu swali letu. Sehemu yake ya juu inaitwa Landour. Mwaka 1827 jeshi la Waingereza lilipajenga pawe mahali pa askari wagonjwa kupata nafuu. Homa na joto la nchi tambarare viliwaua vijana wengi, na madaktari wa wakati ule, wakiwa na dawa chache, waligundua kwamba mtu akipandishwa mlimani alikuwa na nafasi ya kupona. Walipandishwa kwa farasi, kwa machela, na wengine wakibebwa mabegani na watu wa milimani. Kwa hiyo tangu mwanzo ule mlima ulikuwa wa watu wanaobebwa. Watalii na fungate zao walikuja baadaye.

Baadaye pia walikuja wamisionari, kujifunza Kihindi katika hali ya hewa wanayoiweza. Kuna kanisa la mawe linaloitwa Kellogg, kwa kumbukumbu ya Samuel Kellogg, Mpresbiteri kutoka Marekani aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kihindi na kusaidia kuisahihisha Biblia ya lugha hiyo. Alifia Landour mwaka 1899, alipoanguka na baiskeli. Nilisimama nikaifikiria hiyo baiskeli kwa muda. Mtu anavuka bahari, anamaliza kamusi za watu, halafu baiskeli. Sina mahubiri juu yake. Nawaambia tu.

Barabara kuu ya mji inaitwa Mall Road. Wanauza mahindi ya kuchoma, wapendwa! Juu ya makaa, kwa kipepeo cha mkono, halafu wanapaka ndimu, chumvi na pilipili. Mama alikula gunzi zima. Alikuwa hajamaliza sahani ya chakula tangu Machi. Hakuweza kutembea mbali, kwa hiyo tulimkodishia riksho ya baiskeli, akakaa kama malkia, sisi tukifuata nyuma kwa miguu.

Sasa kebo. Katikati ya Mall Road kuna kituo, na kutoka hapo kamba inapanda hadi kilele kinachoitwa Gun Hill. Zamani za Waingereza palikuwa na mzinga uliolipuliwa kila adhuhuri ili watu wa mjini warekebishe saa zao, jina likabaki. Njia ya kebo ni fupi, kama mita 400, dakika chache tu. Inayojengwa kutoka upande wa Dehradun itakuwa ya kama kilomita 5 na nusu, hiyo sitaipanda, mniombee nisilazimishwe.

Mimi urefu naogopa. Nimewahi kuwaambia. Nikihubiri kwenye jukwaa lililoinuliwa nakaa mbali na ukingo. Binti naye, kwa kuwa vijana hawa hawawezi kukaa kimya na simu, alikuwa ameshatafuta ajali za kebo nchini India, na akatusomea tukiwa kwenye foleni kuhusu ile ya Deoghar, Aprili 2022, ambapo watu walikwama hewani zaidi ya saa 40 na watatu wakafariki. Nikasema basi, tutazame tu kutoka chini, Mungu ni yuleyule. Mama akanigeukia. "Pasta, nimetiwa sumu kwenye mishipa mara sita. Wewe unanitisha na kamba?"

Foleni nzima haikuelewa Kiswahili, lakini walielewa. Tukaingia.

Shemeji alikuwa kama mtoto. Lifti na kebo ni ndugu, alisema, na alitaka kila mtu ajue. Alinionyesha kwamba kuna kamba nene inayobeba uzito, ambayo haisogei, na nyingine inayovuta. Akaniambia kwamba zamani migodini watu walitumia minyororo, na mnyororo una tabia moja mbaya: pete moja ikikatika, kila kitu kimekwisha. Halafu mwaka 1834, kwenye migodi ya milima ya Harz kule Ujerumani, afisa mmoja aliyeitwa Wilhelm Albert akasokota nyaya za chuma badala ya pete. Waya mmoja ukikatika, nyingine zinaendelea kubeba, na fundi anauona ule uliokatika anapokagua, anabadilisha kamba kabla ya msiba. Nikamuuliza kamba ya Albert ilikuwa na nyaya ngapi. "Nyuzi tatu, Shemeji. Kila uzi nyaya nne."

Mtu wa Pentekoste hawezi kusikia habari ya kamba ya nyuzi tatu akakaa kimya. Nilipiga haleluya pale ndani, kwa sauti. Mhubiri sura ya 4 ilikuwa imening'inia juu ya kichwa changu. Mzee mmoja mwenye kilemba akaitikia kwa neno lake mwenyewe, tukapeana mikono.

Halafu kibanda kikaondoka kituoni, na haleluya ikaniishia. Nilishika nguzo kwa mikono miwili nikafumba macho. Ile picha mliyoiona ilipigwa wakati huo. Mama anachocheka si mandhari. Ananicheka mimi. Na kando yake, nje kidogo ya picha, kulikuwa na bibi mmoja wa Kihindi, mdogo kama mtoto wa darasa la sita, aliyekuwa akinicheka pia, na wawili hao walikuwa wameshikana mikono kana kwamba walisoma shule moja. Baadaye bibi yule aligusa kile kitambaa cha zambarau, akamwangalia Mama, akagusa kichwa chake mwenyewe, akainua vidole vitano. Hatukujua kama ni miaka mitano au ni nini. Mama alisema ni miaka mitano. Amechagua kuamini hivyo na mimi simpingi.

Tulipofika katikati, kibanda cha pili kikapita kando yetu kikishuka. Nilifungua jicho moja. Shemeji akaniambia, "Umekiona hicho? Hicho ndicho kinatupandisha." Nikadhani anatania. Akaeleza: vibanda viwili vimefungwa kwenye kamba ileile ya kuvuta. Kimoja kikishuka, uzito wake unakivuta kingine kupanda. Mota inaongezea tu tofauti iliyobaki. Bila kile kinachoshuka, mota ingebeba mzigo wote peke yake.

Nilikitazama kile kibanda hadi kikafika chini. Wapendwa, niliwaona mle ndani. Nilimwona mama wa kondoo wawili. Nilimwona kijana wa boda. Niliona viazi ambavyo havikupandwa. Nyinyi mmeshuka mwaka huu. Kuna watoto waliorudishwa nyumbani kwa karo wakati wazazi wao walikuwa wametoa kwenye harambee yetu; nazijua nyumba hizo. Mmeshuka kwa uzito wenu wote, na mke wangu amepanda. Sikulia, kwa sababu nilikuwa naogopa mno. Nililia juu.

Huko juu ni kelele tupu, nisiwadanganye. Vibanda vya chai, wapiga picha wanaokuvisha nguo za kienyeji, watu wanapasua baluni kwa bunduki za upepo. Mahali pa kutafakari si pale. Lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku, na mawingu upande wa kaskazini yakafunguka kwa labda dakika kumi, ikaonekana theluji. Kilele kimoja kinaitwa Bandarpunch, mita 6,316. Mlima wetu wa Kenya ni 5,199. Mama alisimama kwenye kizuizi cha chuma akatazama bila kusema, lakini ukimya huu haukuwa ule wa Delhi. Nadhani mliooa mnaelewa.

Muuza chai ndiye aliyetufundisha neno. Kwa Kihindi, gari la kebo wanaliita udan khatola. Udan ni kuruka. Khatola ni kitanda kidogo, kile cha miti na kamba ambacho watu wa Pwani yetu wanakijua vizuri. Kitanda kinachoruka!

Nimehubiri Marko sura ya 2 zaidi ya mara ishirini. Nimehubiri imani ya wale wanne, nimehubiri msamaha, nimehubiri waandishi walionung'unika mioyoni. Nikiwa pale juu na kikombe cha chai nilimfikiria mwenye godoro, jambo ambalo sikuwahi kulikalia. Fikirieni hali yake. Ameshushwa kwa kamba mbele ya umati, vumbi la paa linawaangukia watu wenye heshima, mahubiri yamekatizwa, na paa ni la mtu. Kila mtu ndani ya ile nyumba anamtazama, na hana la kufanya. Hawezi kusema samahani akaondoka. Hawezi kulipa paa. Marko anataja imani ya waliombeba. Yeye mwenyewe haandikiwi hata neno moja. Kazi yake siku ile ilikuwa kukaa kwenye godoro na kukubali kubebwa. Nikamwambia Mama hayo. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na paa? Nani alilipa paa?" Nikasema Biblia haisemi. Akasema, "Mimi ningetaka kujua."

Huyo ndiye mke wangu. Hata mbele ya theluji ya Himalaya anatafuta mwenye paa amlipe.

Sasa sikieni kilichotokea baadaye, ndipo mjue kwa nini naandika usiku huu. Tulirudi Delhi. Yule ndugu alipouliza swali lake kwenye kikundi, Mama alilisoma kabla sijawahi kuificha simu. Alimwita binti, akamwambia afute picha. Ikafutwa. Kisha akatoa lile daftari chini ya mto na kuanza kujumlisha tena. Kwa siku mbili tulirudi kwenye kutikisa kichwa.

Simlaumu aliyeuliza, na asije mtu akamwandama. Nikisikia amesemwa vibaya nitasikitika zaidi ya nilivyosikitika mwanzo. Nimezungumza naye kwa simu, tumeombeana. Kuna pia walionong'ona kwamba mchungaji anahubiri uponyaji halafu anakimbilia hospitali za India. Kwao nasema kwa kifupi: nimemwekea mikono mke wangu kila usiku, na kila asubuhi nimemsindikiza kwa daktari, na sijaona vita kati ya mambo hayo mawili. Wale wanne nao walibeba, wakapanda, wakatoboa. Hawakukaa nyumbani wakisubiri paa lifunguke.

Siku ya tatu shemeji akapiga simu kutoka Dubai, na binti akamweleza. Akaomba aongee na dada yake. Sikusikia yote. Nilisikia akicheka, halafu nikasikia akisema, "Kwa hiyo mimi ni ile inayopanda tu, sina kazi?" Na shemeji, nadhani, akamweleza tena habari za vibanda viwili: kwamba kile cha juu hakikai juu milele. Kinafika, watu wanashuka, wengine wanaingia, na kinaanza kurudi chini. Safari hiyo uzito wake ndio unaovuta wengine. Alipokata simu alikaa kidogo. Kisha akaniambia, "Rudisheni picha." Daftari amelirudisha chini ya mto. Hajalitupa, na sitamwomba alitupe.

Kwa hiyo picha imerudi. Iko hapa juu ya maandishi haya. Itazameni vizuri, mkono unaoonekana pembeni umeshika nguzo hadi vifundo vimekuwa vyeupe ni wa mchungaji wenu.

Jambo dogo kabla sijalala. Reli inayopita kwetu Molo ililazwa na vibarua kutoka nchi hii. Zaidi ya 30,000 walivuka bahari, wengi kutoka Punjab, si mbali sana na hapa, na wengi hawakurudi. Na kule Kijabe, kabla njia ya kudumu ya kuteremka bondeni haijakamilika, mabehewa yalishushwa kwenye mteremko kwa kamba za chuma. Shemeji alifurahi sana niliposema hivyo. Alisema kumbe Kenya tulikuwa na kebo kabla hata Likoni haijaanza kuota yake.

Habari za matibabu: mionzi inaanza Jumatatu, mara 15, siku tano kwa wiki, Jumamosi na Jumapili anapumzika. Baada ya hapo watampima na kutuambia. Hawajatuahidi lolote na sisi hatutawaahidi lolote zaidi ya tunalojua. Naomba maombi ya saa kumi na moja alfajiri yaendelee, kundi la wazee Jumatatu na Jumatano, vijana Jumanne na Alhamisi, akina mama Ijumaa. Mweka hazina atakaa na kitabu cha hesabu na risiti kwenye meza iliyo karibu na mlango wa kushoto, Jumapili baada ya ibada ya pili. Msione haya kwenda.

Mama ameamka na anasoma juu ya bega langu. Anataka kujua kama mvua imetulia, kama viazi vya kikundi vimeshapaliliwa, na yule kondoo mwingine wa mama fulani, ambaye hakuuzwa, kama amezaa. Mjibuni hapa chini, ataisoma asubuhi.